Barua ya Wazi kwa Wenye Kuuza Methanoli

Kwa Waagizaji, Wenye Maghala na Wauzaji wa Kemikali za Viwandani, Afrika Mashariki

Waheshimiwa,

Nawaandikieni hadharani, kwa kuwa jambo lenyewe ni la hadhara, juu ya kiowevu mnachokipokea bandarini kwa matangi na kwa mapipa ya lita 200, mkakigawa kwa madumu, na mara nyingine, naandika kwa masikitiko, kwa chupa ambazo jana zilikuwa za maji ya kunywa. Kiowevu hicho ni methanoli. Simkusudii mtu wala kampuni yoyote. Lakini nimetumikia maabara za hospitali sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila yanapotokea maafa ya methanoli husikia lawama zikiwaangukia watu wawili, mpikaji wa pombe haramu na maskini aliyeinywa, ilhali mtu wa tatu, ambaye aghalabu ndiye peke yake aliyejua kwa yakini kilichokuwamo ndani ya pipa, hatajwi hata kwa fumbo. Barua hii ni ya huyo wa tatu.

Insafu yataka nianze kwa kuisifu bidhaa yenu. Robert Boyle aliipata mwaka 1661 kwa kuukeneka mvuke wa mti uliounguzwa. Wafaransa Jean-Baptiste Dumas na Eugène Péligot wakabainisha muundo wake mwaka 1834. Na tangu mwaka 1923, kampuni ya BASF ya Ujerumani ilipoanza kuiunda kwa wingi kutokana na kaboni monoksidi na haidrojeni, haikuwa tena na haja ya kuni, na siku hizi sehemu kubwa yake hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Kutokana nayo hupatikana fomaldehidi, na kutokana na fomaldehidi hupatikana gundi inayoshikamanisha plaiwudi ya vitanda na makabati yetu. Huyeyusha rangi na vanishi. Hugeuza mafuta ya mimea kuwa dizeli. Na iko kazi moja ambayo wengi katika wenyeji wa nchi zetu wameifaidi bila ya kujua. Mgonjwa wa homa anapochomwa kidole, mtaalamu hutandaza damu yake juu ya kioo kwa namna mbili, tone nene na utando mwembamba. Tone nene huachwa lilivyo, ili chembe zake nyekundu zipasuke ndani ya maji ya rangi, bali utando mwembamba hauna budi kutiwa kwanza methanoli, chembe zigande katika umbo lake na kimelea cha malaria kionekane mahali pake. Na rangi yenyewe, iitwayo Giemsa, hutayarishwa kwa methanoli na gliserini. Kwa hiyo anayetaka methanoli ipigwe marufuku hajui asemalo, na mimi si katika hao.

Walakini ziko sumu zenye muruwa wa kumtanabahisha mtu kabla ya kumdhuru. Amonia humfukuza kwa ukali wa harufu, na klorini humkaba koo akakimbia angali na miguu ya kukimbilia. Methanoli haina ishara yoyote. Haina rangi, huchanganyika na maji kwa kiasi chochote, harufu yake ni ya ulevi, tena hafifu kuliko ya ethanoli, ambayo ndiyo alkoholi ya vinywaji, na pua za watu hutofautiana mno katika kuihisi, hata mtu aweza kuvuta mvuke uliopita kadiri ya usalama asijue. Kipimo cha kuelea kinachotumbukizwa katika pombe ili kujua ukali wake hakiwezi kuzitenga hizi mbili, kwani lita moja ya methanoli ina uzito wa gramu 791 na lita moja ya ethanoli ina gramu 789. Yuko anayeitakidi kwamba kinywaji kikiwaka kwa moto wa buluu kimesalimika: zote mbili huwaka, na zote mbili moto wake ni wa buluu. Ulimi nao haufai kitu. Kibandiko cha pipa kikishaachwa nyuma, na kiowevu kikishamiminwa katika dumu lisilo na jina, au lenye neno moja tu, spiriti, lililoandikwa kwa kalamu ya wino, hapana tena awezaye kukitambua ila mwenye ujuzi na vyombo vya kukipima kikemia, navyo ni nadra kupatikana katika hospitali ndogo usiku wa manane.

Tena ubaya wake haumo katika methanoli yenyewe, na jambo hili limewapoteza wengi. Ikiingia mwilini, kwa kinywa, kwa pumzi au kwa ngozi, hulevya kidogo, pungufu ya pombe ya kawaida, kisha hunyamaza. Saa 12 hupita, pengine 24, na zaidi ya hapo iwapo imenywewa pamoja na ethanoli. Mtu amelala, ameamka, amekwenda kazini, akidhani yaliyokuwa yamekwisha. Na muda huo wote ini lake linafanya kazi yake kwa uaminifu, likiigeuza methanoli kuwa fomaldehidi, na fomaldehidi kuwa asidi ya fomiki, ile ile ambayo maji moto, chungu wa miembeni, humrushia mtu anayetikisa tawi lake. Asidi hiyo huzizuia chembe za mwili zisiitumie oksijeni hata mapafu yakiwa yamejaa hewa safi; damu hugeuka kuwa chachu; mgonjwa huhema kwa kasi, tumbo humsokota, kichwa humgonga; na mshipa wa fahamu wa jicho, ambao haja yake ya nguvu ni kubwa, huwa katika vya kwanza kuangamia. Huona ukungu mweupe, kisha haoni. Mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, zimewahi kumpofusha mtu, na mililita 30 zimewahi kumwua. Wako walionywa nyingi zaidi wakapona, lakini hakuna mwenye akili atakayelichukua hilo kuwa kipimo.

Nitawasimulieni sasa kisa cha Hispania, kwa kuwa ndani yake mfanyabiashara ameonekana wazi kuliko katika kisa kingine chochote nikijuacho. Mwaka 1963, katika jimbo la Galicia, mwenye biashara ya vileo wa mji wa Ourense alinunua maelfu ya lita za methanoli ya viwandani, kwa sababu moja tu, kwamba bei yake ilikuwa chini ya bei ya ethanoli. Akaitia katika vinywaji vyake na kuwauzia watengenezaji wengine, nao wakavipeleka mbali, hata visiwa vya Canaria vilivyo jirani na pwani ya Moroko. Watu wakaanza kufa, hapa mmoja, pale wawili, na vifo vyao vikahesabiwa kuwa vya maradhi mengine, kwani hakuna daktari aliyekuwa na sababu ya kuunganisha maiti ya mvuvi kisiwani na maiti ya mkulima barani. Aliyeunganisha ni mwanamke mmoja, María Elisa Álvarez Obaya, mfamasia wa serikali katika kijiji cha Haría, kisiwani Lanzarote, ambaye hakuridhika na maelezo aliyopewa, akavichukua vinywaji vilivyokuwa vikiuzwa madukani, akavipima kwa vyombo vichache alivyokuwa navyo, akaikuta methanoli, akaamrisha vizuiwe na habari ipelekwe juu. Hesabu ya serikali ilikuwa wafu 51 na vipofu 9, na wako waaminio kwamba hesabu ya kweli ni kubwa zaidi. Kesi ilisikilizwa Ourense mwishoni mwa mwaka 1967, na washitakiwa wakatiwa hatiani. Nakiweka kisa hiki mbele yenu kwa sababu katika mlolongo ule mrefu, kuanzia ghala hata bilauri, palikuwa na mahali pamoja tu ambapo neno moja la kweli lingaliwaokoa wote, napo ni pale mwenye biashara ya vileo alipofika kununua methanoli kwa maelfu ya lita, wala asiulizwe mtu wa vileo anaitakia nini.

Kwetu hatuna haja ya kwenda Hispania. Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, kinywaji kilichojulikana kwa jina la kumi kumi kiliua watu zaidi ya 130 na kuwaacha wengine bila ya macho. Mwaka 2010 msiba kama huo ulipiga wilaya ya Kabale, Uganda, kwa pombe iitwayo waragi. Mwaka 2014 ukarudi Kenya mara mbili: madaktari waliouchunguza baadaye waliandika kwamba katika mkumbo wa kwanza walifariki wagonjwa 100 kati ya 341, na katika wa pili 26 kati ya 126, ilhali mwaka mmoja kabla yake huko Tripoli, Libya, kati ya wagonjwa 1,066 walifariki 101. Na mwaka 2020 watu kwa mamia walikufa Iran, wengine wakiwa wameambiwa kwamba ulevi huikinga korona. Mimi dini yangu imeniharamishia pombe, wala sina haja ya kuitetea. Lakini sijasoma mahali popote kwamba uhai wa mlevi umehalalishwa.

Hapa sina budi kuipinga dhana moja ambayo husemwa hata na watu wa elimu, nayo ni kwamba sumu hii hujizalia yenyewe katika upishi mbaya wa gongo au chang'aa, na kwamba mpikaji angalijua kuutupa mvuke wa kwanza yasingetokea yaliyotokea. Ni kweli kwamba matunda, kwa sababu ya pektini yao, hutoa methanoli kidogo yanapochachuka, na kwamba ukenekaji wa kijinga huweza kuuharibu ulevi kwa namna nyingi. Sisemi gongo ni salama, wala sitalisema. Lakini kiasi kinachotokana na mahindi, miwa au ndizi ni haba mno hata kisiweze kuwaangusha watu mia kwa usiku mmoja, na mara nyingi pamoja nacho imo ethanoli tele ambayo, kama nitakavyoeleza, huizuia isifanye kazi. Penye maiti kwa makumi, pana methanoli ya kiwandani iliyotiwa kwa mkono. Haikuota shambani wala haikutoka mtunguni. Ilishuka melini ikiwa na hati, ikakaa katika ghala lenye mlango na mlinzi, ikauzwa au ikaibiwa. Na ghala hilo ni la mmoja wenu.

Madhali nimefika ghalani, naomba mnivumilie niseme machache juu ya moto, kwani wako wanaoiogopa methanoli kwa kunywewa na kuidharau katika mambo mengine yote. Methanoli huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto inapofikia joto la nyuzi 11 hivi, na mji wowote wa pwani yetu, kuanzia Lamu hata Mtwara, haujui saa moja ya mwaka ambayo hewa yake iko chini ya hapo. Kwa hiyo katika ghala la Tanga au la Mombasa methanoli iko tayari usiku na mchana. Pana la ajabu zaidi. Mvuke wake huwaka unapokuwa kati ya asilimia 6 na 36 ya hewa, nao ndani ya pipa lililobaki nusu, kwa joto la nyuzi 30, hufikia kama sehemu moja kwa tano, yaani katikati kabisa ya mipaka hiyo. Petroli, pamoja na uhabithi wake wote, aghalabu huijaza nafasi ya juu ya pipa kwa mvuke mzito mno hata moto ukakosa hewa ndani. Methanoli hujipimia yenyewe mchanganyiko wa kulipuka. Ndiyo maana pipa lisiachwe wazi, lisianikwe juani, lisifunguliwe kwa nyundo ya chuma itoayo cheche; na inapomiminwa kutoka chombo cha chuma kwenda kingine, vyombo hivyo viunganishwe kwa waya na waya huo ushushwe ardhini, kwa kuwa kiowevu kinachotiririka huzalisha umeme wake, na cheche isiyoonekana yatosha. Iwekwe mbali na asidi ya nitriki, na dawa za klorini, na perokisidi, ambazo wengi wenu mwaziuza chini ya paa hilo hilo.

Na moto wake ukiwaka mchana hauonekani. Mei mwaka 1981, katika mashindano ya magari ya Indianapolis, Marekani, ambako magari yalikuwa yakiendeshwa kwa methanoli tangu katikati ya miaka ya 1960, mafuta yalimmwagikia dereva Rick Mears tangi la gari lake lilipokuwa likijazwa, yakashika moto, na umma wa watazamaji ukaona watu wakiruka na kujipigapiga wenyewe kama waliopagawa, pasipo mwali wala moshi. Uso wake ukaungua hata akahitaji kufanyiwa upasuaji. Mtumishi wa ghala asiyelijua hili atauingia moto kwa miguu yake. Tena asidhani kwamba maji kidogo yatauzima: methanoli ikichanganywa na maji mara tatu ya wingi wake bado yaweza kuwaka, na maji machache huutandaza moto tu. Inayofaa ni povu lililotengenezwa mahsusi kwa moto wa alkoholi, kwani lile la kawaida huyeyuka. Au unga mkavu, au gesi ya kaboni dayoksidi kwa moto mdogo. Walimu wa kemia nao, kama wako wausomao waraka huu, wajue kwamba huko Marekani wanafunzi wameungua vibaya kwa sababu mwalimu aliongeza methanoli, moja kwa moja kutoka katika chupa kubwa, juu ya kisahani cha jaribio ambacho moto wake alidhani umezimika.

Juu ya mikono na mapafu nitapita upesi. Nchi nyingi zimeweka mpaka wa sehemu 200 za mvuke katika sehemu milioni ya hewa kwa zamu ya saa 8, na mpaka huo haulindwi kwa pua bali kwa madirisha yaliyo wazi na feni zinazovuta hewa nje. Glavu nyepesi za mpira, hizi za hospitali, hupenywa kwa muda wa dakika chache, na glavu za mpira wa butili ndizo zinazoaminika. Macho yakirukiwa yaoshwe kwa maji yanayotiririka robo saa nzima, nguo zilizolowa zivuliwe papo hapo, na asiwepo mtu wa kuinyonya kwa kinywa ili ipite katika mpira, desturi ambayo mafundi wetu wameizoea katika petroli na ambayo katika methanoli ni kujipofusha kwa hiari.

Hapo basi yaja ninayoyaomba. La kwanza ni kwamba methanoli isiuzwe kamwe katika chombo kilichopata kuwa cha chakula au kinywaji, hata mnunuzi akija nacho mwenyewe, hata awe jamaa, hata awe na haraka. Iuzwe katika chombo chake, na kibandiko kiandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, si kwa Kiingereza na Kichina peke yake: kwamba ni methanoli, kwamba ni sumu, kwamba hupofusha na kuua. Alama ya fuvu ni njema, lakini mtu aliyekulia mahali ambapo fuvu limechorwa hata juu ya fulana za vijana haogopi tena fuvu. Anaogopa neno upofu.

La pili ni juu ya mapipa matupu, jambo ambalo sijaona likiandikwa ipasavyo. Pipa lililotoka methanoli huuzwa sokoni siku ya pili, na wanunuzi wake ni wa namna mbili: mama anayetaka kuhifadhi maji ya mvua, na fundi wa kuchomelea anayetaka kulikata. Wa kwanza anabeba mabaki ya sumu. Wa pili anauelekeza mwali wa gesi, au msumeno utoao cheche, katika chumba kilichojaa mchanganyiko ule nilioutaja hapo juu. Pipa lirudi kwa aliyelileta, au lisafishwe kwa maji mengi mara nyingi, litobolewe na watu walio na ujuzi, ndipo liende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu likiwa halifai tena kuitwa chombo.

La tatu, methanoli ambayo kazi yake haihitaji usafi wa maabara, yaani ya kuyeyushia rangi, ya kusafishia, ya kuwashia majiko, na itiwe uchungu kabla haijatoka mikononi mwenu. Iko dawa iitwayo denatoniamu, iliyogunduliwa Scotland mwaka 1958, chungu kuliko kitu chochote kilichojulikana kabla yake, na gramu makumi machache zatosha tani nzima ya kiowevu. Kuuficha uchungu huo si kazi rahisi kwa mpikaji wa pombe. Na ile safi, ya hospitali na ya viwanda vya kemia, ambayo haiwezi kutiwa kitu, iandikwe katika daftari: nani kanunua, kiasi gani, kwa kazi gani, na pipa la mwisho lilifunguliwa lini.

Mtaniambia kwamba ninyi si polisi, na kwamba mfanyabiashara hana dhima juu ya kitendo cha mnunuzi akishavuka kizingiti. Kwa watu wengi wa biashara nyingine hoja hiyo ina uzito, na muuza visu hawezi kuulizwa kila kisu kimekwenda wapi. Lakini mnunuzi wa kisu anajua amenunua kisu, na anayekiona mkononi mwa mwingine anajua ni kisu. Ninyi mwauza kitu ambacho kikishatoka kwenu hakitambulikani, na ujuzi wa utambulisho wake umebaki kwenu peke yenu. Ujuzi huo ni amana. Sheria nayo imelijua hilo. Tanzania ina Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, iliyomweka Mkemia Mkuu wa Serikali kuwa msajili na msimamizi wa watu wa biashara yenu, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya usalama na afya mahali pa kazi. Anayesema kwamba hana dhima ajiulize kwa nini amesajiliwa.

Wako wengine watakaosema kwamba masharti yote haya yataipandisha bei, na kwamba mnyonge mwenye karakana ndogo ataumia. Hili ni kweli kwa kiasi fulani, wala sitalikanusha. Kibandiko kina gharama, daftari lina gharama, karani anayejua kusoma daftari hilo ana gharama. Lakini fundi wa vanishi anaponunua katika chombo chenye kibandiko badala ya chupa isiyo na jina, naye akawa anajua anachokishika, atakuwa amelipia pia macho yake. Na mkiunganisha nguvu zenu, wenye maghala makubwa wakawajazia wadogo vyombo vilivyo tayari, gharama hiyo haitafika hata sehemu ya kodi mnayoilalamikia kila mwaka.

La mwisho ndilo lililonifanya niishike kalamu, nalo halina gharama yoyote. Nilisema kwamba ini ndilo linaloigeuza methanoli kuwa asidi. Kimeng'enya kinachoifanya kazi hiyo ni kama bawabu mwenye upendeleo: ethanoli na methanoli zikifika mlangoni pamoja, huishughulikia ethanoli kwanza na kuiacha methanoli ingoje nje, nayo ikingoja hutoka polepole kwa pumzi na kwa mkojo ikiwa haijadhuru. Kwa sababu hiyo dawa ya mgonjwa huyu, mikononi mwa daktari na kwa vipimo vyake, ni ethanoli. Au fomepizoli, ambayo hufanya kazi hiyo hiyo pasipo kulevya, na ambayo Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2013. Na pamoja nazo magadi ya kutuliza chachu ya damu, na mashine ya kusafisha damu pale ilipo. Asithubutu mtu kujitibu nyumbani kwa chupa ya dukani, kwa maana hajui lililomo katika hiyo pia. Lakini angalieni jinsi saa zilivyo na thamani. Aliyefikishwa hospitali kabla ya asidi kujaa ana matumaini makubwa ya kutoka na macho yake. Aliyefikishwa akiwa anahema kwa kasi na haoni, huenda akaokolewa roho yake tu, na huenda hiyo nayo isiokolewe. Na daktari wa hospitali ya wilaya anayeletewa vijana watatu wenye kutapika na kuumwa kichwa asubuhi ya Jumatatu hana sababu ya kufikiri methanoli. Atafikiri malaria, atafikiri chakula kibovu, atafikiri ulevi wa kawaida, na saa zitapita.

Ninyi mwaweza kumpa sababu hiyo. Pipa likipotea ghalani, au dumu likikosekana katika hesabu, au mnunuzi akionekana baadaye kuwa alitoa jina la uongo, msiishie kuandika hasara katika vitabu na kumpigia simu mwenye bima, wala msinyamaze kwa kuchelea kuadhibiwa. Siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi, wapelekeeni habari polisi, na Mkemia Mkuu, na zaidi ya wote mganga mkuu wa hospitali ya wilaya iliyo karibu nanyi, mkimwambia kwa maneno mepesi kwamba methanoli kiasi fulani imetoka na haijulikani iliko. Nambari yake ya simu naomba ibandikwe ukutani mwa ghala, kando ya ile ya zimamoto, kuanzia wiki hii.

Wenu mwenye kuwatakia kheri,

Mtumishi mstaafu wa maabara za hospitali